Kujidharau si unyenyekevu: niliyojifunza nilipokuwa sina na nilipopata

Ndugu mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu jambo unalouliza nimelipitia pande zote mbili na nisingependa kulijibu juujuu. Kwa wanaoingia sasa, ndugu yetu ameeleza kwamba kwa miaka mingi aliishi katika umaskini, akawa anakaa nyuma kanisani na kunyamaza, na hali hiyo akaiita unyenyekevu. Sasa mambo yamemnyookea, kipato chake kimekuwa kikubwa, na kanisa lilelile ambalo halikuwahi kumwuliza neno limemwomba awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Anauliza kama Mkristo akijithamini anatenda dhambi, na kama aupokee uenyekiti huo au aukwepe ili asiingiwe na kiburi.

Swali la kwanza nitalijibu waziwazi kabla ya kusimulia lolote. Kujithamini si dhambi, na kujidharau hakujawahi kuwa unyenyekevu. Maneno yetu mawili, unyonge na unyenyekevu, yanakaribiana kwa sauti, na nadhani ukaribu huo umewaponza wengi wetu, maana tumezoea kumwona mtu aliyenyong'onyea, asiyeinua macho wala kuwa na la kusema, tukadhani tumemwona mnyenyekevu. Mnyonge amekandamizwa na hali au na watu. Mnyenyekevu amejishusha mwenyewe kwa hiari yake, na asiyejua amesimama wapi hawezi kujishusha, kwa kuwa hajui ni wapi anaposhukia. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa sana.

Mahali nilipokuwa nimefanya kazi kwa miaka tisa palifungwa, nikakaa miaka minne bila kipato cha kueleweka, nikiwa na mke na watoto watatu. Sitaeleza yote tuliyoyapitia. Nitaeleza mambo mawili madogo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonionyesha moyo wangu ulivyokuwa. La kwanza ni kikapu cha sadaka. Kilipofika kwangu nilikuwa nikikunja ngumi, nikiuingiza mkono hadi chini kabisa, nikigusa noti za wenzangu kwa vifundo vya vidole, kisha nikiufungua humohumo na kuutoa taratibu, ili aliyeketi kando yangu asijue kwamba haukuwa na kitu. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa nikiuficha wangu hata mbele za Mungu. La pili ni viatu. Kanisani kwetu tunapokea meza ya Bwana kwa kupiga magoti mbele, na mtu akipiga magoti, soli za viatu vyake huwaelekea wote walioketi nyuma yake. Soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imetoboka, nami nilikuwa nimeiziba kwa ndani kwa kipande cha boksi ambacho kilionekana vizuri kupitia lile tundu. Siku moja nilisikia, au nilidhani nimesikia, mtu akicheka nyuma yangu, na tangu siku hiyo sikwenda tena mbele. Kwa muda wa miezi saba niliikosa meza ya Bwana kwa sababu ya soli ya kiatu, na kila nilipoulizwa nilijibu kwamba sistahili.

Jibu hilo lilipendeza masikioni mwa watu. Hakuna anayestahili, kwa hiyo maneno yenyewe yalikuwa kweli, lakini kinywani mwangu yalikuwa uongo, kwa sababu sikuwa nikiwaza dhambi zangu hata kidogo. Nilikuwa nikiwaza kiatu. Nilikuwa nimekubali kwamba mwenye soli nzima ana haki ya kuukaribia mwili wa Kristo kuliko mimi, na imani hiyo, ukiichunguza, ni kufuru dhidi ya yule aliyeutoa mwili wake kwa ajili ya wote. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la jinsi hiyohiyo, kwamba walipokusanyika kwa chakula cha Bwana wenye navyo walitangulia kula na kuwatahayarisha wasio na kitu. Mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuhitaji mtu wa kunitahayarisha, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nikiifanya mwenyewe.

Na kuhusu ile ngumi niliyokuwa nikiikunja, miaka ile sikuwa nimewahi kusoma kwa makini sheria za sadaka katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Mwanamke aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo, lakini sura ya 12 inasema kwamba asipoweza kumpata, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sura ya 5, inayozungumzia sadaka ya dhambi, inashuka hatua moja zaidi, kwamba asiyeweza hata hao ndege alete sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha nafaka cha wakati ule, ya unga mwembamba. Sheria yenyewe ilimjua maskini, ikamjua na maskini kuliko maskini, ikamwekea kila mmoja nafasi yake hadharani, bila kumtaka aombe radhi. Kisha ukifungua Luka sura ya 2 unawakuta Yusufu na Mariamu hekaluni wakiwa na Mtoto, na sadaka inayotajwa ni ile ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Mwana wa Mungu aliletwa hekaluni kwa sadaka ya watu wasio na uwezo. Nilipouona uhusiano wa sura hizo nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa niseme lililo gumu zaidi kulisema. Umaskini haukunifundisha unyenyekevu, bali ulikificha kiburi changu mahali ambapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kukitafuta. Wakati ule mzee mmoja wa kanisa alituletea msaada nyumbani, jioni, bila kumwambia mtu, nami nikaurudisha. Nilimwambia kwa upole kwamba tunashukuru lakini hatujafikia hapo. Mke wangu alisubiri mzee aondoke, akaniambia, "Umewanyima watoto ili wewe usionekane." Nilikasirika kwa sababu lilikuwa kweli. Zaidi ya hayo, moyoni mwangu nilikuwa nimewahukumu wote waliokuwa na mali pale kanisani, kwamba wameipata kwa njia zisizo halali, kwamba maombi yao ni ya mdomoni, kwamba Mungu yuko upande wangu kwa kuwa ninateseka. Tumezoea kumwona yule Farisayo wa Luka sura ya 18 akiwa amevaa vizuri. Mimi nilisali sala yake nikiwa na viatu vilivyotoboka, nikimshukuru Mungu kwamba mimi si kama watu wale wenye nacho.

Mzee yule hakukasirika niliporudisha msaada wake. Wiki mbili baadaye alinisimamisha mlangoni baada ya ibada, akaniambia, "Mwanangu, kasome Yakobo sura ya kwanza, mstari wa 9 na wa 10, kisha uje uniambie wewe ni yupi kati ya hao wawili." Nilikwenda nikasoma: "Lakini ndugu asiye na cheo na afurahi kwa kuwa ametukuzwa, bali tajiri kwa kuwa ameshushwa." Nilikuwa nimeisoma mistari hiyo tangu ujana wangu bila kugundua kwamba Yakobo anatoa maagizo mawili yanayokwenda pande mbili tofauti. Maskini haambiwi ajishushe. Anaambiwa afurahi kwa sababu ametukuzwa, au kwa jinsi maneno ya asili yalivyo, ajisifu kwa kutukuzwa kwake. Anayeambiwa atazame kushushwa kwake ni tajiri. Kwa hiyo mahubiri yanayowaambia watu wote kwa pamoja "nyenyekeeni" bila kuuliza anayesikia yuko wapi, yanaweza kumkandamiza zaidi aliyekwisha kukandamizwa na kumwacha mwingine alivyo. Nilirudi kwa mzee nikamwambia kwamba kwa mali mimi ni yule wa kwanza, lakini kwa moyo ni yule wa pili. Alicheka kwa furaha, akaniambia sasa tunaweza kuzungumza.

Neno ambalo Yakobo analitumia kwa huyo asiye na cheo, kwa Kigiriki, ni tapeinos. Katika ulimwengu wa Wagiriki na Warumi neno hilo kwa kawaida halikuwa la sifa hata kidogo. Lilimhusu mtu wa hali ya chini, mwenye tabia ya kitumwa, asiyehesabiwa. Ukristo ndio ulioligeuza, na uliligeuza kwa sababu ya msalaba. Paulo anapowaandikia Wafilipi kwamba Kristo "alijinyenyekeza", anatumia kitenzi kinachotokana na neno hilohilo, na anapofika sura ya 4 akasema "najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa", hilo neno la kudhiliwa nalo linatoka kwenye mzizi huohuo. Sisi tumelitafsiri kwa namna mbili, na sawa tu, kwa sababu Kiswahili kinatofautisha kujinyenyekeza na kudhiliwa: la kwanza mtu hulitenda, la pili hutendwa. Lakini msomaji wa kwanza alisikia sauti moja, akaelewa kwamba Bwana alikwenda kwa hiari yake mahali ambapo maskini wamewekwa bila hiari yao.

Kuna mambo mawili ambayo mzee yule alinifafanulia kwa miezi kadhaa, nami bado naishi nayo. La kwanza ni Yohana 13. Wengi tunaikumbuka sura hiyo kwa kuoshwa miguu, lakini kabla Yesu hajalivua vazi lake na kujifunga kitambaa kiunoni, mwandishi anatuambia kwamba alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Kujua huko kumetangulia, na beseni limefuata. Aliweza kuishika miguu ya watu kumi na wawili, mmoja wao akiwa ni msaliti, bila kupungukiwa na kitu, kwa kuwa thamani yake haikuwa mikononi mwao. Petro ndiye aliyeshindwa kuvumilia, kwa sababu Petro bado alikuwa akipima nani yuko juu na nani yuko chini. Mtu anayeitafuta thamani yake kwa watu hawezi kuosha miguu bila ama kujisikia amedhalilishwa ama kutaka aonekane.

La pili ni shomoro wa tano, na hili nalipenda kuliko yote. Katika Mathayo 10 Bwana anasema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Katika Luka 12 anasema watano huuzwa kwa senti mbili. Piga hesabu: kwa senti mbili ungepaswa kupata wanne, kwa hiyo huyo wa tano ameongezwa bure, ni nyongeza ya muuzaji, hana bei kabisa sokoni. Na hapohapo kwenye Luka ndipo Bwana anaposema kwamba hasahauliki hata mmoja wao mbele za Mungu. Nilikaa na shomoro huyo kwa wiki nzima. Nilikuwa nimejiona hivyo hasa kwa miaka minne, mtu wa nyongeza, asiyepunguza kitu akiondoka. Jumapili iliyofuata nilivaa viatu vilevile, nikaenda mbele, nikapiga magoti, boksi likaonekana kwa kila aliyetaka kutazama.

Kabla ya kwenda upande wa mali, nataka kugusa jambo linaloniumiza katika mafundisho ya siku hizi. Kuna watu wanaohubiriwa unyenyekevu ili wasidai haki yao: mfanyakazi aliyezuiliwa ujira, mjane aliyenyang'anywa, kijana anayedhalilishwa na mkubwa wake. Wanaambiwa wanyamaze kwa kuwa Kristo alinyamaza. Yakobo huyohuyo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana. Na Paulo, kule Filipi, alipopigwa viboko hadharani na kutupwa gerezani bila kuhukumiwa, maofisa wakataka kumtoa kwa siri asubuhi yake, alikataa. Matendo ya Mitume sura ya 16 inasema alidai waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa yeye na Sila ni raia wa Rumi, nao wakaja wakawasihi. Kisha mtu huyohuyo ndiye aliyeliandikia kanisa la mji huohuo maneno mazito kuliko yote tuliyo nayo kuhusu kujinyenyekeza. Wafilipi waliyasoma maneno ya sura ya 2 wakikumbuka jinsi mwandishi wake alivyokataa kutolewa mlango wa nyuma. Kama unyenyekevu ungekuwa ni kukubali kila dharau, barua ile ingewashangaza sana.

Mwaka wa tano nilianza biashara na mwenzangu mmoja, ikakua kupita tulivyotarajia. Sitaieleza kwa urefu, maana hakuna la kufundisha katika kukua kwake; tulifanya kazi kwa bidii, lakini hata miaka ile minne nilikuwa nimefanya bidii. Lenye funzo ni yale yaliyotokea moyoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi cha majigambo, nikawa namwomba Mungu anilinde nisijisifu. Kiburi hakikupita mlango huo. Kilipita kwenye kusikilizwa. Wakati wa umaskini niliwahi kusimama katika mkutano wa kanisa nikapendekeza kwamba hesabu za mapato na matumizi ziwe zinasomwa mbele ya washarika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti alinishukuru na kuendelea na ajenda, na hakuna aliyeandika neno. Miaka sita baadaye nilitoa pendekezo lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Watu walitikisa vichwa, mwenyekiti akasema hiyo ni hekima, katibu akaandika, na mwezi uliofuata likaanza kutekelezwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilipokuwa navua koti ndipo nilipogutuka, kwamba nilipaswa kuhuzunika. Pendekezo halikuwa limebadilika. Kilichobadilika ni mfuko wa aliyelitoa, nami nilikuwa nimeipokea heshima hiyo kana kwamba hatimaye watu wamenitambua mimi. Onyo la Kumbukumbu la Torati sura ya 8, kwamba usije ukasema moyoni "nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu", nilikuwa nimelishika kuhusu fedha. Kuhusu hekima yangu sikuwa nimelikumbuka.

La pili lilinishtua zaidi. Nilikuwa nikimlipia ada mtoto wa mjane mmoja, kwa siri kabisa, kama Bwana alivyoagiza kwamba mkono wa kushoto usijue. Mama huyo alijua. Watu wengine hawakujua. Mtoto alipofaulu, mama alisimama kanisani kutoa shukrani, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru kwa machozi jirani aliyekuwa akimfundisha mtoto jioni. Mimi hakunitaja, na hakupaswa kunitaja, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba asiseme. Hata hivyo usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikihesabu miaka na kiasi, nikimlinganisha yule jirani na mimi. Ndipo nilipoona kwamba siri yangu ilikuwa na mtu mmoja niliyetaka aivunje, na kwamba kutoa kwangu kulikuwa mkopo niliotaka ulipwe kwa heshima. Swali la Paulo kwa Wakorintho, "nawe una nini usichokipokea?", lilinijia usiku ule likiwa na uso wa yule mzee aliyewahi kuja mlangoni kwangu jioni na kurudishwa na msaada wake.

Nimeona pia kosa la upande mwingine, na nakusihi usiliige: mwenye mali anayejifanya maskini ili aonekane mnyenyekevu. Anasema "mimi sina kitu, ndugu zangu" mbele ya watu ambao kweli hawana kitu. Hilo ni kuwatukana. Paulo anapompa Timotheo maagizo kwa matajiri, katika sura ya 6 ya waraka wa kwanza, hawaambii wakane kwamba wanazo. Anasema wasijivune, wasiutumainie utajiri usio yakini, watende mema, wawe tayari kutoa mali zao na kushirikiana na wengine. Ulicho nacho kikiri, kwa sababu usichokikiri huwezi kukitolea hesabu.

Juu ya hayo yote kuna fundisho linalozunguka sana, kwamba mali ni kipimo cha imani, na aliyekosa amekosa kwa kuwa hakuamini vya kutosha. Fundisho hilo linawajeruhi wote wawili kwa upanga mmoja, maana maskini anaambiwa kwamba hata Mungu hamthamini, na tajiri anaambiwa kwamba hesabu yake ya benki ni barua ya sifa kutoka mbinguni. Anayelifundisha asome zile barua za Ufunuo wa Yohana. Kwa kanisa la Smirna Bwana anasema anaujua umaskini wake, lakini ni tajiri, na hana neno la kulikemea. Kwa Laodikia, lililosema "mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu", anasema ni mnyonge, mwenye mashaka, maskini, kipofu na uchi. Laodikia ulikuwa mji wenye uwezo hasa: ulipobomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 60, uliinuka kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Rumi, na mwanahistoria Tacitus aliliona jambo hilo kuwa la kuandikwa. Kujitosheleza kulikuwa fahari ya mji, na kanisa likaivaa fahari hiyo likidhani ni baraka.

Unaweza kuniuliza ninafanya nini sasa. Kwanza, tuliweka kiwango cha maisha tukakifunga, mke wangu na mimi, na kipato kikizidi hapo hakitupandishi. Wazo hilo si letu. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, katika mojawapo ya mahubiri yake, anasimulia habari za kijana mmoja wa kundi la kwanza la Wamethodisti kule Oxford, ambaye wengi huamini kuwa alikuwa ni yeye mwenyewe: alipopata pauni 30 kwa mwaka aliishi kwa 28 na kutoa 2, mwaka wa pili alipopata 60, aliishi kwa zilezile 28 na kutoa 32, wa tatu alipata 90 akatoa 62, wa nne 120 akatoa 92. Kinachonigusa katika hesabu hiyo ni ile 28 isiyosogea. Mtu yule alikuwa amekata shauri mapema kwamba nyongeza ya kipato haitakuwa nyongeza ya yeye. Sisi hatujafika mbali kiasi hicho, lakini kiwango kimetusaidia, kwa kuwa kila mwaka hutulazimisha kujadili kwa nini tunataka kukipandisha, na mara nyingi sababu ni jirani.

Pili, nilitafuta mahali ambapo fedha yangu haina kazi. Nilijiunga na wanaotembelea wagonjwa, chini ya uongozi wa mama mmoja ambaye kwa kipato ni maskini kuliko wote kundini, naye hunipangia zamu na kunikosoa nikichelewa. Nilipokuwa sina, kukosolewa kuliniua, sasa kunanitibu. Sijui kama ningeweza kumtii miaka ile. Nilikuwa na kidonda kikubwa mno cha kumtii mtu yeyote.

Tatu, nimejifunza kuomba msaada na kuupokea. Hili ndilo linalonishinda mara nyingi zaidi, maana mwenye mali huzoea kuwa mtoaji hadi akasahau namna ya kunyoosha mkono. Mwaka jana nilipougua, yule mzee, ambaye sasa ni mkongwe na anatembea kwa mkongojo, alikuja nyumbani akiwa na bahasha ndogo. Nilitaka kukataa. Niliitazama mikono yake inayotetemeka, nikaipokea kwa mikono miwili, na nilipokea siku hiyo pamoja na deni la miaka mingi.

Sasa kuhusu uenyekiti. Ushauri wangu ni kwamba usikatae kwa sababu ya hofu ya kiburi. Musa alipojitetea kwamba yeye si msemaji, na akazidi kujitetea hata akaomba atumwe mwingine, maandiko yanasema hasira ya Mungu iliwaka juu yake. Gideoni naye alisema jamaa yake ndiyo maskini katika Manase na yeye ni mdogo nyumbani kwa baba yake, wakati malaika alikuwa amekwisha kumwita shujaa. Kujidharau kulikotuzuia kusema tukiwa maskini kunaweza kutuzuia kutumika tukiwa na mali, kukijiita jina lilelile zuri.

Lakini usikubali hadi umeuliza. Nenda kwa waliokuteua, kwa heshima, uwaulize ni kina nani wengine watakaokaa kwenye kamati hiyo. Ukikuta wote ni wenye uwezo, omba waongezwe wawili au watatu ambao hawataweza kuchangia chochote cha maana, wawe na kura sawa na yako, na uombe pia kwamba kiasi atakachotoa kila mtu kisisomwe hadharani. Waeleze kwamba ulikuwa umeketi palepale nyuma kwa miaka yote hiyo na ulikuwa na akili hizihizi. Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, sura ya 53, aliagiza kwamba katika kupokea wageni uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na mahujaji, kwa sababu tajiri huheshimiwa hata bila kuagizwa, kwa hofu tu ambayo watu wanayo mbele yake. Utakapokuwa mwenyekiti watu watakuwa na hofu hiyo mbele yako, upende usipende, na hao wawili watatu ndio watakaoweza kukwambia kwamba umekosea.

Wakikukubalia, pokea kazi na uifanye kwa moyo wote. Wakikataa, wakasema kwamba kamati inahitaji watu wenye uwezo, basi utakuwa umejua walichokuwa wakikiita walipokuita wewe. Hapo changia ujenzi kama Mungu atakavyokujalia, bila uchungu, na Jumapili nenda ukakae nyuma kwenye kiti chako cha zamani, umsalimie aliye kando yako na kumwuliza jina lake.